Mlishaji wa Farasi na Mama wa Duka la Dawa

Wifi yangu alipiga simu nikiwa naanika nguo.

"Wifi, umekaa?"

"Nimesimama na shuka mkononi. Sema tu."

"Kaka yako ametangulia. Alfajiri hii."

Nikamwomba Mungu ampokee kwa rehema. Kisha, kabla hata sijampa pole mke aliyefiwa, ulimi wangu ukauliza, "Yule mama alikuja?"

Hakuuliza mama yupi. "Hakuja," akasema, na shuka likaniponyoka vumbini.

Kaka yangu alikuwa mlishaji katika zizi ambalo watu wa mjini huweka farasi wao kwa malipo. Wenzake walimwita Mzee Pua. "Kama hujaoga usimsogelee Mzee Pua," dereva wa trekta aliwaambia wageni, "atakutajia na siku uliyoacha."

Pua ile ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe. Farasi wa pale hawakupewa nyasi kavu tupu. Walipewa majani yaliyonyauka nusu, yakafungwa marobota na kuzungushiwa nailoni tabaka juu ya tabaka, ili hewa isipate upenyo. Yakitunzwa vizuri huwa na harufu ya uchachu wenye utamu, kama tunda lililoiva sana. Lakini kunguru akitoboa nailoni kwa kucha, au panya akinaswa ndani wakati wa kufunga, basi ndani kunaoza na nje kunabaki kuzuri. Kaka alizunguka marobota kila asubuhi na utepe wake mpana wa gundi, akiziba matundu. Robota likishafunguliwa alihakikisha linaliwa upesi, kabla halijapata joto. Na hakuna tita la majani lililoingia horini bila yeye kulinusa.

"Ng'ombe husamehe," alizoea kuniambia. "Farasi hasamehi. Hata kutapika hawezi maskini. Ukimpa sumu, amekwisha kuwa nayo."

Halafu kukaja mafua mabaya, yale yaliyozunguka nyumba kwa nyumba. Homa ikamtoka, pua isirudi. Mkewe alijua kwa sababu maziwa yaliungua jikoni na yeye kakaa palepale anasoma gazeti. Alimwambia aseme kazini. Akajibu, "Nikawaambie nini? Kwamba Mzee Pua hana pua? Watacheka mpaka mwaka uishe. Itarudi tu." Akaendelea kuinua majani hadi usoni, kuvuta pumzi na kutikisa kichwa, kama mtu anayeitikia sala asiyoisikia.

Robota moja lilikuwa na panya.

Aliyekula ni farasi jike mwekundu wa mama wa duka la dawa. Mama huyo alikuwa mjane, na farasi yule ndiye kitu pekee cha marehemu mumewe alichokataa kukiuza. Kwanza chakula kilimdondoka mdomoni. Kisha ulimi ukalegea, miguu ikatetemeka, akalala chini asiinuke tena. Daktari wa mifugo alifunua lile robota, na watu wote waliokuwapo wakaziba pua, isipokuwa mmoja.

Dereva wa trekta akamgeukia, safari hii bila mzaha. "Mzee, hukunusa?"

"Nilinusa," kaka akasema. "Sikusikia kitu."

Tajiri mwenye zizi hakumfukuza. Nadhani angemfukuza ingekuwa nafuu. Kaka mwenyewe aliomba ahamishiwe kwenye kuzoa samadi, na hakukanyaga tena ghala la majani. Kwenye ibada alihama kutoka safu ya mbele hadi ukutani, karibu na viatu. Duka la yule mama lilikuwa mkabala na geti la kaka, lakini vidonge vyake vya presha alivifuata kwa basi, mtaa wa tatu. Akimwona mama yule barabarani, alisimama kusoma bango lolote lililokuwa karibu. Wifi alisema mtaani hakuna aliyejua bei za saruji kama mumewe.

Nilimwambia, "Kaka, tubu, Mungu ni mwenye huruma."

"Kwa Mungu nimeshasema. Lakini farasi hakuwa wa Mungu peke yake."

"Basi nenda kwa huyo mama."

"Kwa uso upi, mdogo wangu?"

Moyo ulipoanza kumchosha, akalazwa, ndipo aliposema yule mama aitwe. Wifi alivuka barabara akampa ujumbe. Mama akasema atakuja. Kaka akaomba anyolewe ndevu, akawa anatazama mlango.

Tulimzika siku iliyofuata kifo. Yule mama alifika tukiwa tumekwisha kulizunguka kaburi, koti lake jeupe la dukani amelikunja mkononi. Tangu ile simu nilikuwa nimemsema vibaya hata kwenye maombi yangu. Nilipoona macho yake nikainamisha yangu.

"Nilikuwa na nafasi ya kuja," akamwambia wifi, wala hakunong'ona. "Nilisema acha naye asubiri kidogo. Alitaka kuniambia nini?"

"Kwamba pua yake ilikuwa imekufa, mama, na aliona haya kusema."

Mama akalihamishia koti mkono wa pili. "Walikuja wengi dukani na shida hiyo. Angevuka barabara tu."

"Na wewe pia," wifi akasema, kwa upole. Akamshika mkono. "Njoo huku mbele."

Jeneza likateremshwa. Kiongozi wa ibada akaomba, tukaitikia. Wifi akatupa udongo, kisha watoto, kisha mimi, kisha mama wa duka la dawa. Dereva wa trekta na wenzake wakashika makoleo wakafukia hadi ardhi ikainuka. Tukaomba mara ya mwisho, tukaondoka.