Upupu Usiowasha

Baba mdogo alikuja kwetu Sikonge na panga, akitaka kuukata mmea uliotambaa juu ya uzio.

"Huo ni upupu, mwanangu. Chuoni hawakukufundisha?"

Kweli ulifanana nao: majani matatu kwenye kila kikonyo, vishada vya maua ya zambarau vikining'inia. Lakini mama alikuwa ameupanda ili urutubishe shamba lililochoshwa na tumbaku. Tena vinyweleo vya maganda yake vilikuwa vifupi, vimelala, si virefu vya kahawia kama vya upupu wa porini.

Nikachuma ganda, nikalisugua mkononi mbele yake. Akaweka panga chini, tukasubiri. Sikujikuna.

"Sasa lete mkono wako, baba mdogo."

Akautia mfukoni. Panga likabaki chini.