Mitungi ya Mama Yake Bwana Tak

Maeng Oksun, ambaye sisi majirani tunamwita Mama Seryon, ana kibanda cha kurekebisha nguo sokoni hapa Daegu. Haamini jambo kabla hajaligeuza ndani nje, kama anavyogeuza koti la mteja. Mumewe, Giyong, haoni tangu augue macho. Ilimchukua karibu mwaka mzima kujifunza kwa fimbo njia ya kutoka ghorofa ya tatu hadi kliniki anakofanya kazi ya kukanda watu misuli: ngazi arobaini na mbili, kona ya muuza samaki, kivuko cha barabara. Wakihama, anaanza upya.

Miezi minne kabla ya mkataba kwisha, mwenye nyumba, Bwana Tak, alipiga simu akitaka kodi ipande kwa theluthi. Mama Seryon akamjibu kwamba sheria inampa mpangaji miaka miwili mingine akiomba, na kodi haipandi zaidi ya asilimia tano.

"Haya, msomi," Tak akasema, akakata simu.

Kesho yake akapiga tena, sauti laini. "Mama Seryon, samahani sana. Mama yangu mzazi atahamia hapo. Sheria si unaijua?"

Aliijua. Mwenye nyumba akitaka kukaa mwenyewe, au kumweka mzazi wake, mpangaji anatoka. Lakini jana mzazi huyo hakutajwa hata mara moja.

"Anadanganya," akaniambia tulipokutana kwenye ngazi. "Ila nitamshikaje?"

"Mwambie amlete aione nyumba."

Jumamosi wakaja, nami nikaitwa niwe shahidi. Bibi kizee alivua viatu, akakaa, akanywa chai ya shayiri. Tak akamkoholea.

"Nitahamia hapa," bibi akasema, kama mtoto anayesomeshwa. "Nyumba nzuri."

Mama Seryon hakumwondolea macho. Bibi hakufungua kabati hata moja, wala hakuchungulia roshani. Na siku walipotia saini mkataba wa kwanza nyumbani kwa akina Tak, Mama Seryon alikuwa ameona juu ya paa mitungi mikubwa ya soya iliyochachushwa, na bibi huyu akiipangusa mmoja mmoja.

"Karibu sana, bibi," akasema. "Na mitungi yako utaiweka roshani? Jua halifiki, nakwambia mapema."

Bibi akaweka kikombe chini. "Mitungi yangu? Nani kasema mitungi yangu inahama?"

"Mama, ngoja..." Tak akaanza.

"Ningoje nini! Ule mkubwa nilipewa na mama mkwe wangu kabla hujazaliwa! Uliniambia niseme maneno mawili, halafu twende tukale tambi. Mitungi hukuitaja!"

"Bwana Tak," Giyong akauliza kutoka pembeni, "tambi za moto au za baridi?"

Tak masikio yalimwiva kwa aibu. Jumatatu akaleta mkataba wa miaka miwili, asilimia tano. Mama Seryon akausoma mara tatu, akanipa nami niusome, kisha akamsomea mumewe kwa sauti hadi nukta ya mwisho. Ndipo akagonga mhuri wake, ambao hapa kwetu ndio saini.

Wiki iliyofuata bibi akamtumia bakuli la soya kutoka mtungi ule mkubwa. Mama Seryon akalinusa, akalifunika, akalisukuma nyuma ya friji.

"Kanipa ya nini?" akaniuliza.

Siku ya nne nikasikia harufu ya mchuzi wa soya ile, kutoka jikoni kwa Mama Seryon, ghorofa nzima. Giyong alikuwa akishuka kwenda kazini, fimbo mbele, akihesabu: thelathini na tisa, arobaini.