Utani Niliouvusha Barabara ya Bagamoyo

Mie kwa kawaida siendi mahali. Tandale kuna soko, kuna kahawa, kuna kitanda changu. Ukinikuta Magomeni ujue kuna msiba. Lakini wiki iliyopita mdogo wangu Mwanahawa aliitwa kwenye usaili Mikocheni, kwenye karakana ya kufungasha viungo vya chakula, akaniomba nimsindikize. Miaka mitatu amekuwa kibarua wa siku kwenye mashine za kusaga sokoni: leo kazi ipo, kesho anarudishwa. Kule Mikocheni walikuwa wanatoa mkataba.

Saa moja asubuhi tukapanda bajaji. Kufika Kijitonyama nikauliza kama bado mbali.

"Kaka, hata kiti hakijapata moto," Mwanahawa akanicheka.

Tulipovuka barabara ya Bagamoyo kelele zikapungua, mageti yakawa marefu, nami nikaanza kuchomekea shati kama vile ninayesailiwa ni mie.

Saa mbili na nusu tulikuwa karakanani. Alitupokea msimamizi, dada wa Kisukuma anayeitwa Kabula. Akampa Mwanahawa ndoo ya bizari, mizani na mashine ya kuziba mifuko. Dada wa meza ya pili, mwenye mkataba wake, hajamaliza mifuko kumi, mdogo wangu ameshapanga ishirini na mitano, na hakuna hata mmoja uliovuja.

"Huyu tumempata," Kabula akasema. "Kwenu wapi?"

"Kisarawe."

"Wazaramo! Kumbe watani wangu nyie!"

Hapo mdomo wangu ukaamka. Mzaramo na Msukuma wakikutana lazima wachambane kwanza. Ukinyamaza utaonekana una kinyongo.

"Mchukue, mtani, ila uandae mkeka," nikasema. "Saa sita huyu analala. Na ngoma ikilia Kisarawe, humwoni wiki nzima!"

"Nyie si ndio mnaochoka kwa kuota mnalima?"

"Na nyie mlikuja pwani kubeba mizigo, mpaka leo hamjaitua!"

Tukacheka mpaka Kabula akashika meza. Mwenye karakana alikuwa amesimama mlangoni. Yeye hakucheka.

"Afadhali umesema mwenyewe," akaniambia. "Watu wa pwani nawajua. Awe kibarua tu, siku tukizidiwa."

"Bosi, huo ni utani," Kabula akawahi. "Mie na hawa ni watani."

"Si kaka yake kabisa huyu aliyesema?"

"Lakini mifuko umeiona?" Mwanahawa akauliza.

Akauokota mmoja, akaubonyeza. "Mizuri. Jumatatu upige simu, tuone kama kuna kazi."

Kabula akatusindikiza hadi getini. "Humu wa pwani wote vibarua," akanong'ona. "Meza zile zile, bizari ile ile, ila mkataba hawapati. Nilitaka nimwandikishe kwanza, bosi aje kuuliza kwao ni wapi wakati karatasi zimeshasainiwa." Akanitazama. "Mtani, umeniwahi."

Saa nne tulianza kurudi, kwa miguu, maana Mwanahawa hakutaka bajaji.

"Nilikuwa namtania Kabula tu," nikasema.

"Najua. Na yeye kakutania. Ila yeye kabaki na kazi yake."

Nimejifunza, mie nisiyesafiri, kwamba uvivu tunaozuliana misibani na harusini, watu tukacheka na kugawana ubwabwa, ng'ambo ya barabara kuna mtu kaushika kwa dhati. Anautumia kununua mikono yetu kwa bei ya chini, na siku ile hakuhitaji hata kuutaja; nilimpelekea mwenyewe, nimechomekea shati. Mvivu pale alikuwa mmoja tu, na hakuwa amekwenda kuomba kazi.

Kijitonyama miguu ikaanza kuniuma. Nikamwomba mdogo wangu tukae kidogo kivulini. Hakugeuka.