Jezi ya Damu ya Mzee

Mimi mpira siupendi. Naanza na hilo ili usije ukasema nimetunga, maana nani atatunga kitu kinachomchosha mwenyewe? Haya yalinipata mimi, hapa mtaani Kashai, Bukoba, mchana kweupe, nikiwa na sare thelathini na mbili za kwaya zinazotakiwa kabla ya Pasaka na cherehani moja tu.

Siku ya kwanza mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka sisikii mashine yangu mwenyewe. Akaingia mzee mmoja, koti la kijivu, kofia mkononi. Nikamkaribisha kiti, akasema atasimama tu. Alitaka nimshonee jezi moja ya mpira, mikono mirefu, rangi ya damu ya mzee, kola nyeupe.

"Jezi zimejaa sokoni, mzee," nikamwambia.

"Hii haipo sokoni. Ni ya timu ya Italia."

"Hizo za Italia ndizo zilizojaa zaidi."

"Siyo timu mnazozijua ninyi. Hii ni ya mji mdogo, una mto na kiwanda cha matofali. Waliianzisha wafyatua matofali. Jezi za kwanza zilishonwa kwa mapazia ya ukumbi wa kijiji."

Je, nilimuuliza? Sikumuuliza. Ndipo nilipoona kwamba koti lake ni kavu. Barabara imegeuka mto, na yeye mkavu kama ametolewa kabatini. Nikajisemea labda ameshushwa na gari mlangoni. Nikachukua futi nimpime kifua. Niamini: niliizungusha, nikavuta ncha zikutane, na futi yote ikaja mkononi mwangu bila kukwama popote, kama nimepima moshi. Nikarudia. Ikaja tena.

"Andika arobaini," akasema kwa upole.

Nikaandika arobaini. Watu huniuliza kwa nini sikukimbia. Nikimbilie wapi na mvua ile? Na sare angezishona nani?

Basi akawa anakuja kila mvua ya mchana, na mvua za Bukoba unazijua. Anaiangalia jezi bila kuigusa, na kila akija anakuta kosa. Kola iwe na vifungo vitatu, siyo viwili. Nikafumua. Mshono wa bega la kushoto uende upande kidogo, kwa sababu fundi wa kwanza, mke wa kipa, alikuwa na jicho moja.

"Mzee, unataka nishone vibaya makusudi?"

"Nataka ushone kama ilivyokuwa."

Nikafumua tena. Na muda wote ninaofumua, yeye anaendelea na historia yake. Uwanja wao ulikuwa malisho, kabla ya mechi wanaondoa kwanza ng'ombe. Vita vilipokuja, jezi zikafichwa kwenye mnara wa kengele. Mafuriko yakabeba magoli yote mawili, na kijiji cha chini kikarudisha moja tu, mpaka leo wanasema hilo la pili hawakuliona. Nilikanyaga cherehani kwa nguvu zote ili nisimsikie. Nilimsikia. Muuza ndizi wa ng'ambo ya barabara akaniuliza, "Fundi, siku hizi unagombana na nani humo ndani?" Nikajua yeye haoni mtu.

Sasa kazi ikaanza kuharibika. Nilimaliza sare ya kumi na moja, nikaigeuza, nikakuta nimeshona namba tatu mgongoni. Sare ya soprano! Na nyumbani mume wangu Projestus alikuwa amenuna, anakula nusu sahani anaondoka. Siku ya tatu akaweka kijiko chini.

"Bruno ni nani?"

Kumbe naota kwa sauti. "Ni beki wa kushoto," nikamjibu.

Niambie wewe, mke gani ataaminiwa kwa jibu kama hilo? Ikabidi nimweleze yote. Akachukua simu, akatafuta ule mji kwa hasira, karibu nusu saa. Mwishowe akanionyesha picha ya zamani: wanaume kumi na mmoja mbele ya goli, na bega la kushoto la kila jezi limekwenda upande. Hakuniuliza tena habari za Bruno.

Mara ya mwisho mzee alipokuja, jezi ilikuwa imekamilika. Akaitazama sana.

"Sasa ndiyo yenyewe. Ipeleke Buganguzi kwa Ma Leokadia. Mwambie imetoka kwa Kalisti."

"Kwa nini usimpelekee wewe?"

"Mimi hanisikilizi," akasema, akatoka. Nilimfuata hadi mlangoni kwa sababu nilikuwa na maneno ya kumwambia. Barabarani kulikuwa na mvua tu.

Jumamosi tukaenda, mimi na Projestus, tukapita Muleba tukafika Buganguzi tukiuliza njia. Ma Leokadia tulimkuta barazani kwake, katikati ya migomba, anapukuchua maharage. Bibi wa miaka themanini hivi. Akatupa kahawa ya kutafuna, akatuuliza habari za njiani, ndipo nikatoa jezi. Nilidhani atapiga kelele. Akaitazama tu, akafyonya.

"Kalisti! Bado tu?"

Kalisti alikuwa mume wake, amekufa mwaka wa sita sasa. Alikuwa mpishi wa padri Mwitaliano, na huyo padri ndiye Bruno, aliyekuwa beki wa kushoto kabla ya upadri. Padri alimsimulia mpishi habari za timu yake mpaka mpishi akazijua zote, na padri alipofariki, Kalisti akabaki nazo peke yake.

"Kila jioni," Ma Leokadia akasema. "Miaka arobaini! Namwambia, waitu, bwana wangu, mpira wa Wazungu unanihusu nini mimi? Siku ile amelala mgonjwa, akaanza tena. Wanahitaji bao moja wapande daraja, mpira ukapigwa ukaangukia mtoni, na hawana mpira mwingine. Nikamwambia ngoja kwanza nianue kahawa, mvua inakuja. Niliporudi, alikuwa amekwenda."

Akaacha maharage. Projestus akaangalia chini.

"Wewe fundi," bibi akasema, "alikumalizia?"

"Alinimalizia."

"Haya. Mpira umeangukia mtoni."

Nikamweleza. Bruno alijitosa na viatu vyake, maji yakamchukua hadi nyuma ya kiwanda. Akatokea na mpira kifuani, akarudi uwanjani mbio, viatu vimebaki mtoni. Akakuta refa alishapuliza filimbi zamani, amekaa na kipa wanakula mkate.

"Basi walishindwa?"

"Walishindwa, Ma. Hawajapanda daraja mpaka leo."

Akanikazia macho. Halafu akaanza kucheka. "Miaka arobaini ananisumbua kwa timu iliyoshindwa!" Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza, na machozi yalipomtoka hakuacha kucheka, akawa anayafuta kwa ile jezi. Alipotulia akasema, "Sasa nianzie mwanzo, kwenye matofali." Tukarudi Bukoba jioni, sauti imenikauka.

Yule mzee hajaonekana tena. Lakini kila Jumapili, nikiwa napiga pasi, inanijia tu: tumefungwa mbili bila. Au tumetoka sare. Projestus akiangalia kwenye simu anakuta ni hivyo hivyo, haijakosea hata mara moja. Na unasikia ninavyosema? Tumefungwa. Mimi! Juzi nimemtukana refa nisiyemjua, pasi ikaunguza suruali ya mteja.

Kwa hiyo nakuonya wewe mwenye mume, mwenye baba, mwenye bibi anayerudia jambo lile lile kila siku. Kaa chini umsikilize mpaka amalize, hata kama linakuchosha, na hata kama mvua inakuja. Asipomalizia kwako atatafuta mtu mwingine, na huyo mwingine ana kazi zake.