Mzee Hakushuka Mlimani

Jumamosi mvua ilitupa nafasi, familia kadhaa zikakusanyika mtaani Kapsoya kwa safari ya kwanza ya baiskeli msimu huu, kwenda hadi mji mdogo wa Plateau. Familia moja ilikuja na baiskeli mbili. Binti alikuwa na yake. Nyingine iliendeshwa na baba, na mama amekaa upande kwenye keria, chupa ya chai mapajani.

"Mama, kila mtu anafaa kuwa na baiskeli yake," mwandalizi wa safari akamwambia.

"Na chai itabebwa na nani?"

Mwandalizi akapanda baiskeli yake, tukaondoka.

Tulipofika mlimani, sote tulishuka tukasukuma baiskeli. Mama naye akashuka, akabana chupa kwapani, akaanza kumsukuma mumewe. Mzee alibaki kwenye kiti, mgongo wima kama anayepigwa picha. Chai ilimdondokea mama kiunoni.

"Mum, si ashuke tu!" binti akasema.

"Goti itamsumbua wiki mzima. Wewe sukuma yako."

Tulipofika Plateau, mwandalizi akashika kipaza sauti. "Mzee huyu ndiye pekee ambaye hakushuka mlimani! Makofi!"

Mzee akainua mkono kama mgombea aliyeshinda. Mama alipiga makofi. Mimi niliyekuwa nyuma yao mlima wote nilipiga pia, maana hapa kwetu hakuna anayebishana na kipaza sauti.

Kisha mzee akamiminiwa chai, akachungulia ndani.

"Mbona ni nusu kikombe?"

"Hiyo ingine iko kule mlimani," mama akasema, akifunga chupa. "Rudi uichukue. Na sasa ujisukume mwenyewe."