Shemeji Yangu na Cheti cha Polisi

Shemeji yangu Patroba, mdogo wa marehemu mume wangu, alihitimu kwa polisi. Ndivyo anavyosema mwenyewe, "nilihitimu", kama mtu aliyetoka chuo kikuu. Ukweli ni kwamba kila Jumanne, kwa wiki kumi, akitoka ghalani mjini Garland, huku ughaibuni, alikofanya kazi, alikwenda kwenye darasa ambalo polisi huwaonyesha raia kazi yao, akanywa kahawa ya polisi, akaonyeshwa mbwa anayenusa dawa za kulevya, akapewa cheti na fulana ya bluu.

Cheti alikitundika sebuleni, juu ya picha ya harusi yake. Fulana aliipeleka kwa fundi, ikaandikwa jina la ukoo wetu mgongoni kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Jina hilo nimelitunza miaka ishirini na sita nikiwa mke na minne nikiwa mjane. Sikuulizwa.

Kisha akajifanya mwalimu. Kila Jumapili baada ya matangazo alisimama mbele ya kanisa. "Ukisimamishwa, unabaki garini! Mikono juu ya usukani! Usiguse mfuko kabla hujaambiwa!" Wauguzi waliotoka zamu ya usiku walisinzia kwa adabu.

Hatimaye kanisa likaandaa Jumamosi ya usalama. Polisi wawili wangekuja, na Patroba angesema kwa niaba yetu Wakenya. Gari langu lilikuwa kwa fundi, nikapanda lake, keki mapajani.

Hatukufika mbali. Gari la polisi likawasha taa nyuma yetu, maana taa moja ya breki ya gari la Patroba ilikuwa imekufa. Patroba akaegesha vizuri. Halafu mwalimu akafungua mlango, akashuka, akaivuta fulana ikae sawa, akaanza kumwendea askari huku akitabasamu, mkono tayari kwenye mfuko wa nyuma. Alikuwa anatafuta kadi aliyopewa siku ya kuhitimu!

Ndivyo tulivyolelewa. Kwetu, dereva anayebaki amekaa huku askari amesimama ana kiburi, na atalala ndani. Unashuka, unasalimia, unamwita afande.

Askari, kijana tu, alimpigia kelele asimame. Mkono wake ulikuwa umeshika bastola. Patroba aliendelea kutabasamu na kupapasa mfuko.

Katika nyumba yetu mke hamwiti shemeji yake kwa jina. Sikuwahi. Siku hiyo, mikono yangu ikiwa juu ya dashibodi, nilisema kupitia dirisha lililokuwa wazi: "Patroba! Simama hapo hapo!"

Akaganda. Askari akamwelekeza atoe mkono polepole, akamrudisha garini, akamwandikia onyo.

"Shemeji," Patroba aliniambia tulipofika kanisani, "haya yabaki humu garini."

"Umebeba jina la mume wangu mgongoni," nikamjibu. "Ungekufa nalo, na leo jioni lingesomwa kwenye habari, tena vibaya. Utayasema wewe, au nitayasema mimi. Na mimi sitasahau kitu."

Akayasema, macho chini. Watu walicheka sana, mpaka mzee Ngugi akainua mkono.

"Lakini afande amesimama, mimi nimekaa kama bwana harusi? Hata mimi ningeshuka."

"Mimi nilishuka mwaka jana," akasema Jedidah, muuguzi aliyekuwa akisinzia kuliko wote. "Nikampa na mkono."

Mikono mingine saba ikainuka. Miezi yote ya makelele ya Patroba, hakuna hata mmoja aliyewahi kukiri. Wale polisi wageni walitazamana, kisha mmoja akatoa kalamu akaanza kuandika.

Tangu hapo Patroba anaalikwa hadi mji wa DeSoto kusimulia. Kisa kimenenepa. Askari sasa ni watatu, mvua inanyesha, nami napiga mayowe.

Askari alikuwa mmoja. Jua lilikuwa linawaka. Na mimi sikupiga mayowe, nilimwita kwa jina lake. Hilo halisemi.