Mlango Uliosingiziwa

Kiatu kilimpata chini ya jicho la kushoto, kisigino kwanza. Mama Bucha aliona nyota, akashika ukingo wa kitanda, na kabla hajasimama sawasawa kiatu cha pili kikampita sikioni kikavunja kioo cha ukutani.

"Watoe hao mbwa!" baba yake alifoka. "Wamejaa chumbani na wewe unawatazama tu!"

"Hakuna mbwa, Baba! Hakuna hata paka!"

Hapo ndipo alipokosea, kama alivyokosea jana na juzi. Kumwambia mzee yule kwamba hakuna mbwa ni kumwita mwongo, na maisha yake yote waliomwita mwongo hawakuondoka na meno yao kamili. Akamrukia. Mikono ambayo asubuhi ilitetemeka hata ikashindwa kufunga kifungo cha shati, sasa ilimkaba koo sawasawa, na ilibidi aibandue kidole kimoja kimoja.

Baadaye alifungua bucha, jicho limevimba.

"Vipi tena, Mama Bucha?" mteja wa kwanza aliuliza. "Ng'ombe kaja kulipa kisasi?"

"Nimejigonga kwenye mlango."

"Basi mlango wako una ngumi kweli kweli."

Watu wakaangua kicheko. Yeye naye akacheka, kisha akamkatia yule mchekeshaji mifupa mitupu.

Hakuwa na mtoto. Jina hilo alipewa kwa ajili ya kazi. Bucha ilikuwa mbele, nyumba nyuma, na katikati mlango mmoja wa mbao. Baba yake ndiye aliyeianzisha, na ndiye aliyemfundisha kazi, kwa makofi na matusi. Kanuni yake kuu ilikuwa kwamba kisu hakipokelewi mkononi. Anayekitoa anakiweka juu ya gogo la kukatia nyama, mpini ukimwelekea mwenzake, anaondoa mkono, ndipo mwenzake akichukue. "Weka gogoni!" mzee angenguruma, na ole wako usahau.

Sasa mzee alikuwa na ugonjwa ambao daktari aliuita wa miili ya Lewy, uchafu fulani unaojikusanya ndani ya ubongo. Leo anaona watu na wanyama wasiokuwapo, kesho akili imemrudia anauliza bei ya maini. Anatembea kwa kuburura miguu, na akilala anapigana ngumi na ndoto zake. "Msimbishie," daktari alionya. "Na asije mtu akamchoma sindano ya kutuliza wenye wazimu bila kutuuliza. Kwa mgonjwa kama huyu, sindano hiyo inaweza kuua."

Kaka yake Mama Bucha, seremala asiyejua kunong'ona, alikuwa amekata kauli. "Siku atakayokuumiza, namhamishia kwenye ile nyumba ya wazee. Sitaki mjadala." Mama Bucha alishakwenda kuitazama nyumba hiyo. Aliona wazee waliofungwa vitandani kwa shuka, na sindano zikigawiwa kama peremende. Aliapa kwamba baba yake hatapelekwa kule akamalizwe. Ndiyo sababu alimficha kaka yake michubuko, akausingizia mlango.

Visu alivifungia kabatini kila alipomaliza kazi. Chuma cha kunolea alikiacha kwenye kulabu yake, kwa sababu kwa mtu wa bucha chuma kile hakina makali, na kisicho na makali hakihesabiwi silaha. Mtu mwingine yeyote angeona mara moja kwamba ni rungu.

Mchana mmoja, jicho bado limevimba, alikuwa peke yake akitenganisha mbavu, huku akimngojea kaka yake aje kurekebisha dirisha. Mlango wa katikati ukasukumwa kwa kishindo. Mzee aliingia na fulana yake ya ndani, akakichomoa kile chuma kwenye kulabu.

"Mwizi! Umevaa aproni ya binti yangu. Umempeleka wapi?"

"Baba, ni mimi. Nitazame."

"Umemuua! Umemuua binti yangu!"

Chuma kilimshukia juu ya kiwiko, kisu kikamponyoka. Pigo la pili lilitua begani. La tatu lilipasua mizani. Mzee akakiokota kisu kwa wepesi uliokuwa umemhama miaka mingi, akamjia akiwa amemlenga tumbo, na mgongo wa Mama Bucha ulikuwa tayari umefika kwenye friji. Akalipiga gogo kofi kwa mkono mzima. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya baba yake.

"Weka gogoni!"

Mzee akasita. Kisha akakiweka kisu juu ya gogo, mpini ukimwelekea binti yake, akaondoa mkono.

Yalikuwa yamekwisha. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba yalikuwa yamekwisha. Mzee alikuwa mikono mitupu, anapepesa macho. Ndipo Mama Bucha alipompiga. Hakuwa anamsukuma wala kujikinga. Alimtandika kwa mkono unaobeba robo ya ng'ombe, alipize kiatu, koo na kila kofi la utotoni. Paji la uso la mzee likagonga ukingo wa gogo, damu ikaruka mpaka kwenye mbavu. Mzee akiwa chini, Mama Bucha akainua mguu amkanyage. Kikohozi cha kaka yake nje ndicho kilichoushusha.

Seremala alimkuta amepiga magoti, ameikandamiza aproni kwenye paji la baba yao.

"Nani kafanya hivi?"

Mama Bucha akazidi kuikandamiza aproni. Mzee akafumbua macho, na yalikuwa macho yake yale ya zamani. Akamtazama binti yake, akautazama mkono wake, akaelewa yote.

"Nimejigonga kwenye mlango," alisema.

Kaka alitazama jicho la mmoja na paji la mwingine. "Mlango! Kila siku mlango!" Akatoa bisibisi, akazishambulia bawaba huku akitukana, akaung'oa mlango, akaubeba begani. "Haya! Tuone nani atajigonga tena."

Mama Bucha alitaka kucheka, kikamtoka kilio.

"Kaka, uweke. Huo mlango haujamgusa mtu. Jicho langu alilivimbisha Baba. Paji lake nimelipasua mimi, na nilimpiga akiwa ameshaweka kisu. Ukituacha wawili tena, nitamuua."

Seremala alisimama na mlango begani. Sakafuni, mzee alikuwa ameanza tena kuwaamuru mbwa wakae chini.

Walimpeleka akashonwa. Jioni kaka akaja na godoro lake, akalitandika sebuleni. Mlango hajaurudisha mpaka leo. Anasema bila mlango anasikia vizuri. Mzee akianza kufoka, anaamka. Dada yake akinyamaza ghafla, anaamka haraka zaidi.